Mikiwi yangu inachanua kila mwaka lakini haizai. Dume wangu ni dume kweli?

#1 ZiwaKwaZiwa

Wakuu, habari za leo. Naomba wenye uzoefu wa mikiwi wanisaidie, nimekwama.

Niko Erie, Pennsylvania, karibu kabisa na ziwa. Nazungumzia kiwi ndogo ya nchi za baridi, ile yenye ukubwa wa zabibu nono, ganda laini lisilo na manyoya, unaitia mdomoni nzima bila kumenya. Jina lake la kitaalamu ni Actinidia arguta. Mwaka 2019 nilinunua miche mitatu: miwili majike aina ya Ananasnaya, na mmoja kibandiko chake kimeandikwa "dume" basi, aina haikutajwa. Nikasimamisha nguzo, nikatandaza waya, mashina yakapanda vizuri mno.

Mwaka wa nne majike yakachanua. Maua meupe kibao, yananukia mpaka jirani akaja kuuliza. Baada ya wiki mbili yote yakawa chini. Mwaka jana vivyo hivyo, mwaka huu vivyo hivyo. Hata tunda moja sijaonja. Na dume nalo linachanua, nimeliona kwa macho yangu.

Nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, mama alikuwa na mipapai nyuma ya nyumba, kwa hiyo habari ya dume na jike siyo ngeni kwangu. Lakini hii imenishinda. Watoto wananiuliza kila Septemba, "Baba, kiwi ziko wapi?" Tatizo ni dume, ni nyuki, ni baridi, au ni mkono wangu?

#2 Kipepeo_Mbeya

Nakaa hapa hapa kusubiri wataalamu. Kumbe kiwi nayo ina dume na jike kama mpapai? Mimi nilidhani ni tunda la New Zealand la kwenye supamaketi tu.

#3 Mpogoaji

@ZiwaKwaZiwa pole ndugu. Mimi niko Oregon, huku wapo wanaoilima kwa biashara, nimefanya kazi ya kupogoa kwenye mashamba hayo misimu sita. Kwanza kabisa: usiamini kibandiko, amini ua.

Watu wengi hudanganyika hapa. Ua jike la kiwi nalo lina vijiti vyenye vichwa vya chavua, ukiliangalia haraka utasema lina kila kitu. Lakini chavua yake ni kapi, haitungishi. Kinachokuambia ni jike ni kile kifundo cha kijani katikati, mfano wa kitunda kichanga, juu yake kuna vijiti vyeupe vimetawanyika kama miale ya jua. Ua dume halina kifundo hicho. Katikati yake utakuta kialama kidogo tu, na pembeni msitu wa vijiti vyenye vichwa vyeusi vya chavua.

Nimeshaona mtu ametunza "dume" miaka saba, kumbe ni jike la tatu. Una picha ya maua ya hilo dume lako?

#4 MamaWaBustani

Habari zenu. Niko Minnesota. Mimi ningeanza na swali jingine: unaweka mbolea gani? Mikiwi ikishiba samadi inakuwa majani na kamba tupu. Na pia miaka minne mitano siyo mingi. Kuna mashina hukaa hata miaka tisa bila tunda. Subira, mwanangu.

#5 ZiwaKwaZiwa

Shikamoo mama. Samadi siweki, naweka majani makavu tu. Na maua yapo mengi, tatizo hayafungi.

@Mpogoaji maua ya mwaka huu yamekwisha, ila nimepekua simu nikapata picha ya Mei mwaka jana, nimeiweka hapo chini. Katikati sioni kifundo. Kitu kingine nilichokiona kwenye picha hiyo: ncha za majani ya dume ni nyeupe, nyingine zimeingia waridi, kama mtu amezichovya kwenye rangi. Majike hayana hiyo. Nilidhani ni ugonjwa uliopita.

#6 Mswahili_wa_Munich

Basi kesi imekwisha! Siyo ugonjwa huo ndugu yangu. Majani yenye ncha nyeupe na waridi ni Actinidia kolomikta, ni ndugu yake arguta, siyo yeye. Dume la kolomikta linauzwa sana kwa ajili ya urembo wa majani hayo, kwa Kiingereza wanaliita Arctic Beauty. Ni dume kweli, ila ni dume la ukoo mwingine.

Kolomikta inawahi kuchanua. Majike yako ya arguta yanapofungua, lenyewe limeshamaliza. Jiulize: picha ni ya Mei, majike yako yanachanua lini?

Huku Bavaria tunapanda Weiki, aina iliyotoka Weihenstephan. Wanauza Weiki jike na Weiki dume pamoja, zinachanua wakati mmoja, maisha yanaendelea.

#7 ZiwaKwaZiwa

Majike yanaanza wiki ya kwanza ya Juni. Ziwa huchelewesha machipuko huku, maji yanabaki baridi muda mrefu. Ndiyo maana ukanda huu umejaa mashamba ya zabibu za Concord.

Kwa hiyo nimelea dume lisilo langu miaka yote hiyo. Inauma.

#8 MamaWaBustani

Msimharakishe mwenzenu aende kung'oa. Mimi hapa nina dume moja tu, na ni hilo hilo la majani ya waridi, na nazila kiwi kila mwaka. Bakuli mbili, tatu. Mnasemaje hapo?

#9 Mpogoaji

@MamaWaBustani jike lako ni aina gani, mama?

#10 MamaWaBustani

Issai.

#11 Mswahili_wa_Munich

Mama, Issai ni ya Kijapani na inajizalia yenyewe! Haihitaji mume. Hilo dume lako umelilisha bure miaka yote, limekaa kwa mkewe halileti hata chumvi.

#12 MamaWaBustani

Kijana, ngoja kwanza. Nimesoma kuwa Issai ikizaa peke yake matunda huwa madogo na karibu hayana mbegu. Zangu zina mbegu. Nimezipasua kwa kisu, nimeziona, nyeusi. Chavua imetoka wapi? Na jirani zangu wote wana nyasi tu.

#13 Mswahili_wa_Munich

Issai ina chavua yake. Mbegu chache zinaweza kuwemo hata bila dume.

#14 MamaWaBustani

Chache, sawa. Zangu siyo chache.

#15 NakhlaNizwa

Assalaam aleikum. Uzi umenivuta, mimi niko Oman, kiwi sina ila mitende tunayo toka enzi za mababu. Sisi hatumwachii upepo wala nyuki kazi hii. Makarara ya dume, yale maganda yanayofunika maua, yakipasuka tunayakata, tunachukua vishada, anapanda mtu juu ya mtende jike na kuvitia vishada vya dume katikati ya maua ya jike, anafunga. Dume moja linatosha mitende mingi, watu wanasema hata hamsini.

Na dume huchaguliwa kwa jina, halikosi jina. Kuna Khori, kuna Bahlani. Marehemu babu alikuwa hakubali chavua ya dume lililoota lenyewe kwenye mfereji. Akisema dume baya linaharibu tende ya jike zuri. Nikadhani ni maneno ya wazee, halafu nikaja kusoma kuwa Mmarekani mmoja, Swingle, aliandika mwaka 1928 kwamba kweli chavua ya dume inabadilisha ukubwa wa tende na wakati wa kuiva. Kwa hiyo hilo "dume basi" la kwenye kibandiko lingetosha kumfanya babu aondoke dukani.

Nauliza: dume linapowahi kuchanua, kwa nini msikaushe chavua mkaiweka kwenye friza? Sisi ya mwaka huu tunaweza kuitumia mwakani.

#16 Kipepeo_Mbeya

Waaleikum salaam sheikh. Hii imenifundisha.

Mtoa mada, ukweli ni kwamba mkiwi wako umekuwa mkiwa 😂 Nyumbani mpapai dume tunaupigilia msumari kwenye shina, au tunaukata kichwa, unabadilika unazaa. Jaribu msumari.

Halafu wataalamu, hii ndogo huku Makete au Njombe inaweza? Kuna miezi asubuhi majani yanakuwa na barafu nyeupe kabisa.

#17 Mpogoaji

Msumari hapana! Mpapai una tabia yake, dume la mpapai mara nyingine hugeuka na kuzaa vipapai virefu vinavyoning'inia kwenye kamba, na kuumia kunaweza kuchangia, msumari ukapewa sifa. Hata kiwi yapo madume machache yanayotoa vitunda viwili vitatu. Ila shina la kiwi ukilitoboa mwishoni mwa baridi linatiririka maji siku nyingi, maana utomvu unapanda kwa nguvu. Ndiyo maana tunapogoa katikati ya baridi, kabla haujaamka.

Kuhusu Makete: jalidi ya alfajiri siyo sawa na usingizi. Mmea huu unataka kulala, saa nyingi mfululizo za baridi ya kati ya nyuzi 0 na 7, ndipo macho yake yafunguke kwa pamoja. Kwenu mchana jua linawaka, mmea haupati usingizi wa kutosha. Ningeogopa kukudanganya kuwa utazaa.

#18 Mwl_Biolojia_Moro

Salaam wanajukwaa. Nina mambo mawili.

Kwanza @Kipepeo_Mbeya, kiwi asili yake siyo New Zealand. Ile kubwa yenye manyoya ni ya China. Mwalimu mmoja, Isabel Fraser, alirudi New Zealand na mbegu kutoka Yichang mwaka 1904, zikaota huko Wanganui, na mwaka 1910 zikazaa. Mbegu hizo ziliacha majike mawili na dume moja. Fikirini, dume moja! Biashara nzima ya New Zealand ilijengwa juu ya uzao wa mimea hiyo mitatu, na jina "kiwi" walilipa tunda mwaka 1959, la ndege wao. Kama yote matatu yangekuwa majike, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Hii ndogo nayo asili yake ni Japani, Korea, China ya kaskazini na Urusi ya mashariki.

Pili, wazo la friza la sheikh ni zuri na chavua ya kiwi kweli inahifadhika. Lakini kwa dume hili sidhani litasaidia. Kolomikta ina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 58, seti mbili. Arguta za kawaida zina 116, seti nne. Chavua yenye seti moja ikikutana na yai lenye seti mbili, mbegu hutatizika, na bila mbegu tunda la kiwi halijai. Ukubwa wa kiwi unafuata idadi ya mbegu ndani yake. Kwa hiyo tatizo siyo tarehe peke yake kama alivyosema #6.

#19 NakhlaNizwa

Allah akujaze kheri mwalimu. Lakini mama wa #12 ana mbegu.

#20 Mwl_Biolojia_Moro

Ndiyo, sheikh. Hilo nimeliona. Mama, zipande hizo mbegu tuone kama zitaota.

#21 Mlima_Worcester

Wakuu mmemshambulia dume, mimi nina mashaka na vitu viwili vingine.

Niko Massachusetts. Mkiwi wenyewe ukilala unavumilia nyuzi 30 chini ya sifuri. Machipukizi yake machanga hayavumilii hata nyuzi 2 chini ya sifuri, yanaungua yanakuwa kama mchicha uliochemshwa. Mwaka wa jalidi ya Mei mimi huwa sipati kitu. Maua yanayotoka baada ya hapo ni machache na yamechoka. Mtoa mada hajasema lolote kuhusu Mei zake.

La pili ni nyuki. Ua la kiwi halina nekta. Nyuki akija ni kwa chavua tu, akiona klova nyeupe, ile ya kwenye nyasi, imechanua anaondoka. Sasa ukiwa na mvua ya siku nne wakati wa maua, hata dume la Sultani halitakusaidia.

Na tahadhari kwa wanaotaka kupanda: mmea huu ni mkali. Hapa Massachusetts uliingia tangu 1877, mbegu zilitumwa na mwalimu wa kilimo William Clark kutoka Sapporo, Japani, na leo Lenox kuna msitu ambao mikiwi iliyotoroka imepanda miti hadi juu na kuiangusha. Pogoeni, na mbegu msizitupe ovyo.

#22 ZiwaKwaZiwa

Mkuu wa Worcester, maua yangu siyo machache hata kidogo, na Mei mbili zilizopita hazikuwa na jalidi. Kuhusu nyuki sina hakika. Juni mvua huwa ipo.

Swali sasa: kama nabadilisha dume, nichukue lipi?

#23 Mpogoaji

Chukua dume la arguta lenye jina. Meader ni la kawaida na linavumilia baridi. Jingine linauzwa kwa namba tu, 74-46. Muulize muuzaji linachanua lini ukilinganisha na Ananasnaya, akishindwa kujibu nenda kwingine. Dume la kiwi kubwa ya manyoya usichukue. Chavua yake inaweza kufanya kazi kwa arguta, lakini huchelewa kuchanua na baridi ya Erie italiua.

Moja linatosha majike sita hadi manane. Lipande upande upepo unakotoka, lipogoe mara tu baada ya maua, usingoje baridi kama kwa jike. Na ukipata jirani mwenye dume, omba kikonyo (kipande cha kitawi cha kuunganishia) ubebeshe tawi moja juu ya shina la jike. Unapata dume bila kuchimba shimo jipya.

#24 MamaWaBustani

Na lizungushie wavu wa chuma mche ukiwa mdogo. Paka wanapenda kolomikta hasa, wanaitafuna na kugaagaa juu yake kama wamelewa. Wangu wa kwanza paka wa jirani aliumaliza mpaka ardhini. Nililia.

#25 Kipepeo_Mbeya

Paka tena! Huu mmea una mambo.

#26 ZiwaKwaZiwa

Wakuu, nimerudi baada ya mwaka, samahani kwa ukimya. Nina mrejesho.

Oktoba nilinunua Meader, ni mchanga, hautachanua leo wala kesho. Lakini kwenye kikundi cha wakulima wa bustani hapa mjini nikampata mzee mwenye dume la arguta la miaka mingi. Juni hii alinipa kopo la maua. Nilifanya kama alivyosema sheikh wa Oman: nikapanda ngazi asubuhi, nikayasugua maua ya dume juu ya maua ya jike moja moja, ua moja la dume kwa matano ya jike. Nilifanya tawi moja tu la jike la kushoto, nikalifunga utepe mwekundu ili nilijue. Mengine sikuyagusa.

Leo ni Septemba. Tawi la utepe lina kiwi 41. Nimezihesabu na watoto, mara mbili. Tumekata moja, mbegu ni nyeusi. Mtoto mdogo aliila nzima na kikonyo chake, akaomba nyingine.

Sasa kinachonichanganya. Jike la kulia, ambalo sikuligusa kabisa, lina kiwi tisa. Ndogo, lakini zipo. Zamani lilikuwa halina hata moja.

#27 Mswahili_wa_Munich

Hongera sana ndugu! 41! Hizo tisa ni nyuki, wametoka kwenye tawi ulilolisugua na chavua miguuni. Rahisi.

#28 Mpogoaji

Hongera mno. Mimi nasema upepo na mikono yako. Ulishuka ngazi na nguo zimejaa chavua ukapita chini ya jike la kulia.

#29 Mwl_Biolojia_Moro

Hongera mzee. Zipasue hizo tisa uhesabu mbegu, ulinganishe na za tawi la utepe. Zikiwa chache sana au kapi, nitaanza kulifikiria upya lile dume la majani ya waridi. Mwaka huu lilichanua lini?

#30 ZiwaKwaZiwa

Mwaka huu baridi ilikaa mpaka mwisho wa Mei, kila kitu kilichelewa. Lilikuwa bado na maua machache majike yalipofungua. Niliyaona.

#31 MamaWaBustani

Mmeona? Na zile mbegu zangu nilizipanda kama nilivyoambiwa. Zimeota kumi na moja. Ziko dirishani.

#32 Mlima_Worcester

Mama, hizo kumi na moja tutajua jinsia baada ya miaka mingapi?

#33 MamaWaBustani

Minne, mitano. Niko hapa.

#34 ZiwaKwaZiwa

Hizo tisa sijazipasua. Bado ngumu, nazisubiri zilainike kwanza, watoto wameshagawana. Nitawaachia kisu Jumamosi, nitaleta hesabu ya mbegu.